Kisukari na Saumu: Mimi na Kifungo Changu cha Mkononi

(Mazungumzo haya yalitolewa na dada yetu mmoja, mwalimu wa chekechea hapa Mombasa, mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Rajab. Tumeyaandika kama alivyoyasema, ila tumepunguza hapa na pale.)



Shukrani zote ni zake Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Baba zangu, mama zangu, ndugu zangu vijana, mimi si sheikh wala si daktari. Nimeitwa hapa kwa sababu moja tu: nina kisukari aina ya kwanza. Nilikipata nikiwa na miaka 13, na leo nina miaka 24. Kwa hivyo nitakayoyasema ni ya mtu aliyeyaonja.

Wengi wenu mnakiona hiki kidude nyuma ya mkono wangu, hapa juu ya kiwiko. Watoto wa darasa langu wanakiita "kifungo cha ticha", kwa kuwa kinafanana na kifungo cha koti. Nyumbani nako jina limeshika. Jina lake la kitaalamu ni kihisi. Chini yake mna uzi mwembamba, kama nusu sentimita, ulioingia kwenye ngozi. Uzi huo unapima sukari mchana na usiku, na simu yangu inanionyesha nambari pamoja na mshale: sukari inapanda, inashuka, au imetulia.

SIKU NILIYOIZIMA KENGELE

Ilikuwa Ramadhan ya mwaka 2023, kumi la mwisho. Nilikuwa nimefunga baada ya kuzungumza na daktari wangu, na tangu asubuhi nambari zilikuwa nzuri. Kufika saa kumi na nusu jioni natazama simu: 4.4, na mshale unaelekea chini.

Mwenye kisukari anajua maana ya mshale ule. Lakini sebuleni walikuwapo mamangu mdogo na binamu zangu. Nikasema moyoni, nimebakisha saa mbili tu. Nikiinuka sasa nikanywe maji ya sukari, watasema nini? Mwaka uliotangulia niliwahi kufungua mchana, na mtu mmoja akanicheka mbele ya watu: "Wewe na saumu zako za nusu siku!" Maneno yale yalikuwa bado yananichoma. Basi kengele ilipolia, nikaizima. Ilipolia tena, nikaiweka simu kimya, nikaigeuza kifudifudi.

Babangu anafanya kazi Doha. Simu yangu humtumia nambari zangu kwa intaneti. Saa ya Doha na ya Mombasa ni moja, na yeye pia alikuwa amefunga, yuko kazini. Simu yake ikalia: 2.9. Akanipigia, sikushika. Akampigia mamangu, aliyekuwa jikoni akikaanga viazi karai. Mamangu alinikuta sakafuni, jasho linanitiririka, naongea maneno yasiyoeleweka. Alhamdulillah, nilikuwa bado naweza kumeza. Akakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, akaninywesha. Akangoja dakika 15, akanipima kidole, akaninywesha tena.

Usiku baada ya tarawehe babangu alipiga simu. Hakunikaripia. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ulipoizima ile kengele, ulikuwa unamfungia nani?"

Sikuwa na jibu. Ndugu zangu, hilo swali ndilo lililonileta hapa leo.

INSULINI SI YA CHAKULA PEKE YAKE

Kwanza tuelewane jambo moja, kwa sababu makosa mengi yanaanzia hapa. Insulini hutengenezwa na kongosho. Kazi yake ni kama kufungua mlango ili sukari itoke kwenye damu iingie mwilini ikafanye kazi. Kwa mtu wa aina ya kwanza kama mimi, kongosho haitengenezi tena. Kwa mtu wa aina ya pili, ambao ndio wengi zaidi, insulini huwa ipo lakini haitoshi au mwili hauitii vizuri. Baadhi yao hutumia vidonge, wengine sindano.

Sasa kuna mtu huwaza: mchana sili, kwa hivyo sihitaji sindano. Huo ni mtego. Hata usipokula, ini lako linatoa sukari na kuiingiza kwenye damu. Mtu wa aina ya kwanza akiacha insulini kabisa, damu yake inajaa asidi, anaanza kutapika na kuhema kwa nguvu, na anaweza kufa kwa muda mfupi.

Kabla insulini haijapatikana, njia waliyokuwa nayo madaktari kwa watoto wenye ugonjwa huu ilikuwa ni kuwanyima chakula, ili waishi miezi zaidi. Watoto walibaki mifupa, na bado walikufa. Hadi Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipokuwa wa kwanza kuchomwa insulini. Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba kukaa na njaa kunatibu kisukari aina ya kwanza. Njaa hiyo ilishajaribiwa.

RUHUSA NI YA ALLAH

Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, Allah amemtaja mgonjwa na msafiri, akawapa ruhusa ya kutofunga. Hiyo ni rehema yake kwetu. Madaktari wanawahesabu watu wa aina ya kwanza kuwa kwenye hatari kubwa, na wengi wao huambiwa wasifunge. Wako pia wanaoruhusiwa, kwa masharti. Mimi miaka mingine nimefunga, miaka mingine sikufunga. Kuhusu kulipa au kutoa fidya, muulize sheikh wako, kwani hali za watu hazifanani.

Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhan iliyotolewa mwaka 2021 inasema umwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi. Ndiyo maana niliomba tukutane Rajab. Na kama Ramadhan imekukuta hujaenda, nenda kesho. Dozi za Ramadhan hubadilishwa, kiasi na saa zake, na hilo ni la daktari. Usijipimie yuniti kwa kumwiga jirani.

Miongozo hiyo inasema pia, sukari ikishuka chini ya 3.9, fungua. Ikipanda juu ya 16.6, fungua. Ukijisikia vibaya, fungua. Mashine ikihesabu kwa miligramu, ni 70 na 300. Haijalishi ni saa nne asubuhi au dakika kumi kabla ya adhana. Mimi siku hizi sisubiri hata kufika 3.9. Nikiona mshale unashuka kwa kasi na Magharibi iko mbali, nimeshajua la kufanya.

MASWALI NINAYOULIZWA SANA

Je, sindano ya insulini inafunguza? Mwaka 1997, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha 10 huko Jeddah lilieleza kuwa sindano ya chini ya ngozi isiyokuwa ya lishe haibatilishi saumu. Kujichoma kidole kutoa tone la damu la kupimia, maulamaa wengi wamesema vilevile. Kwa hivyo usiache kupima kwa kisingizio cha saumu.

Na udhu? Kidude changu kiko juu ya kiwiko, hakizuii udhu. Kuhusu josho, kwa kuwa kinafunika ngozi kidogo, muulize sheikh, naye atakueleza hukumu ya kitu kilichobandikwa kwa ugonjwa.

Je, nambari yake ni ya kuaminika? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Lakini hakipimi damu yenyewe. Kinapima maji yaliyo kati ya seli, na kwa hivyo hubaki nyuma ya damu kwa dakika chache, hasa sukari inapopanda au kushuka haraka. Siku ya kwanza kinaweza kubabaisha. Ukikilalia usiku kinaweza kuonyesha sukari imeshuka kumbe wapi. Basi moyo ukikwambia kitu na kidude kikikwambia kingine, pima kidole.

FUTARI NA TARAWEHE

Hapa nitasema ukweli, na mama zangu mnisamehe. Adui yangu wa Ramadhan si mchana. Ni saa mbili usiku! Meza yetu sisi watu wa Pwani mnaijua: kaimati za shira, tambi za sukari, muhogo wa nazi, mkate wa sinia, juisi ya embe. Mwaka wa kwanza wa kidude hiki niliona kwa macho yangu mshale ukisimama wima baada ya kaimati nne. Zamani nilikuwa nakula kwa kutoona. Sasa naona.

Sikuacha vyakula vyetu. Nimevipanga. Nafungua kwa tende moja na maji, napiga sindano yangu kama nilivyoelekezwa, naswali Magharibi, halafu naanza na mchuzi wa samaki au kuku na mboga. Muhogo unafuata, kipande. Kaimati ni moja, tena nikiitaka sana. Daku nachelewesha, na nakula kitu kinachokaa tumboni, kama maharagwe au mayai na chapati ya unga wa ngano nzima.

Tarawehe nayo ni kazi ya mwili. Sindano ya futari ikiwa bado inafanya kazi, rakaa zinaweza kukushusha. Mfukoni mwa buibui langu hamkosi tende tatu na pakiti ndogo ya glukosi.

JOTO LETU NA STIMA ZETU

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Isigande. Ikiganda, itupe. Ile unayoitumia inaweza kukaa nje kwa takriban wiki nne, lakini pahali pa baridi, na Mombasa pahali pa baridi ni pa kutafuta. Stima zikipotea, au kwa nyumba isiyo na friji, mtungi wa udongo unasaidia sana: weka insulini ndani ya kikopo, kikopo ndani ya mtungi uliolowanishwa nje, uuweke kivulini penye upepo. Usiiache ndani ya gari. Jasho nalo hubandua kidude, kwa hivyo mimi hukizungushia plasta.

WASIO NA KIFUNGO

Najua wengi hapa hawana kidude hiki, na si kwa kutotaka. Changu kinadumu wiki mbili tu, na mimi nakipata kwa jasho la babangu. Kuna miezi hakikutumwa, nikarudi kwenye mashine ya kidole. Si mwisho wa dunia. Pima kabla ya daku, pima asubuhi, adhuhuri, alasiri, kabla ya kufuturu, saa mbili baada ya futari, na wakati wowote unapojihisi vibaya. Tetemeko, jasho, njaa ya ghafla, macho kufanya kiwi, hasira isiyo na sababu: pima. Kama huna cha kupimia na dalili unaziona, fungua.

KWA FAMILIA

Mniache nimalizie na nyinyi mnaokaa na sisi.

Siku ile kidude kilifanya kazi yake, kikalia. Niliyeshindwa ni mimi, na kilichonishinda ni haya. Kwa hivyo ukimwona kijana anakunywa juisi mchana wa Ramadhan, usimuulize mbele za watu. Humjui amebeba nini. Neno lako dogo la kuchekesha linaweza kumfanya mwakani azime kengele.

Mama zangu, msiwafiche mabinti zenu kwa kuogopa watakosa wachumba. Anayefichwa hujifunza kujificha, na kisukari hakitaki mafichoni. Shuleni wajue, madrasa wajue, rafiki anayekaa naye safu moja kwenye tarawehe ajue. Mtoto wa nyumba ajue sukari inawekwa wapi. Na mjue hili: akiwa amezimia, usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Nanyi vijana wenzangu wenye sukari, tuitunze miili hii, ni amana. Mwaka jana, siku ya nane ya Ramadhan, mshale wangu ulishuka saa tisa alasiri. Mamangu mdogo alikuwa kwetu tena. Niliinuka mbele yake, nikakoroga sukari, nikasema Bismillah, nikanywa. Alinitazama, kisha akainuka yeye mwenyewe akaniletea kiti. Baadaye babangu akanitumia ujumbe mfupi kutoka Doha: "Nimeona. Allah akukubalie."

Allah atujaalie afya, awaponye wagonjwa wetu, atufikishe Ramadhan na atukubalie saumu za waliofunga na nyudhuru za waliofungua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.