Umeme Unapopita Ugogo

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Dodoma



Katibu wetu aliponiomba nizungumze juu ya ushirikiano wa serikali za Afrika Mashariki katika mambo ya umeme, alinipa masharti mawili: nisizidi nusu saa, na nisiseme kama mhandisi. Nitajitahidi kuyatimiza yote mawili.

Nianze na historia tuliyofundishwa hapa hapa shuleni. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Nchi ilikuwa kavu, visima vichache, na msafara wa watu mia kadhaa haukuweza kuvuka bila maji na nafaka za wenyeji. Kwa hiyo watemi wa Kigogo walitoza hongo. Siku hizi neno hilo lina maana ya rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa njia, nao ulilipwa kwa nguo, kwa shanga na kwa nyaya za shaba. Wageni walilalamika sana katika vitabu vyao. Hata hivyo mwenye nchi alikuwa na hoja: unapita kwangu, unakunywa maji yangu, basi tupatane kwanza.

Leo misafara imerudi, safari hii ikiwa juu ya nguzo za chuma. Njia kuu ya umeme ya msongo wa kilovolti 400 inatoka Iringa, inafika Dodoma, inakwenda Singida na kuishia Shinyanga, mwendo wa kilomita 670 hivi. Pale Singida inachipuka njia nyingine ya msongo huo huo, inayopita Babati na Arusha, inavuka mpaka Namanga na kuishia Isinya nchini Kenya. Njia hiyo ya pili ina urefu wa zaidi ya kilomita 500, na zaidi ya 400 kati ya hizo ziko katika ardhi yetu. Imejengwa iweze kubeba hadi megawati 2,000, kwenda au kurudi. Mwishoni mwa mwaka 2024 ndipo gridi ya Tanzania na ya Kenya zilipounganishwa kwa njia hiyo. Uwanda huu wa kati, ambao wengi huuona wa kupita tu, umekuwa njia panda ya umeme wa Afrika Mashariki.

Ndugu Mwenyekiti, mtu anaweza kuuliza: kwa nini serikali zihangaike kuunganisha nyaya? Jibu lipo Mtera. Bwawa lile, lililo mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, lilijengwa kwanza kama ghala la maji kwa ajili ya mitambo ya Kidatu. Baadaye, mwaka 1988, Mtera yenyewe ikaanza kufua umeme, megawati 80. Maji yakijaa hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na yakishuka chini ya mita 690 mitambo haina budi kusimamishwa. Mwaka 2006 ukame uliyashusha kupita kiwango hicho, na nchi nzima ikaingia katika mgawo wa umeme. Anayetegemea mto mmoja hana budi kulala njaa mto ule unapokauka.

Sasa tazameni majirani. Nyanda za juu za Ethiopia hupata mvua kubwa kati ya Juni na Septemba, wakati sisi hapa tuko katika kiangazi. Kenya ina mvuke wa ardhini pale Olkaria, ambao hauulizi mvua. Sisi tuna gesi ya Songo Songo na Mtwara, na tuna bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, ambalo mitambo yake yote ilikamilika mwaka 2025. Mmoja anapopungukiwa, mwenzake huenda amezidiwa. Hiyo ndiyo sababu ya kuundwa, mwaka 2005, kwa umoja wa mashirika ya umeme ya mashariki mwa Afrika, unaojulikana kwa herufi EAPP.

Mnakumbuka mjadala wa Machi 2025, Rais alipoeleza kwamba mikoa ya kaskazini itapata umeme kutoka Ethiopia kwa kupitia Kenya. Wananchi wengi walishangaa: tumemaliza bwawa kubwa, tunanunua umeme wa nini? Swali hilo si la ujinga, na jibu lake lisiwe kejeli. Umeme unaosafiri mbali hupotea njiani kama maji katika mfereji wa udongo, na kutoka Rufiji hadi Arusha ni mbali. Msongo ukipandishwa mara mbili, upotevu hushuka hadi robo, ndiyo maana tunajenga njia za kilovolti 400. Lakini hauishi kabisa. Pengine kununua kwa jirani aliye karibu na mlaji, na kumwuzia jirani mwingine kwa upande mwingine, ni hesabu nzuri. Nasema pengine, kwa sababu hesabu nzuri ni ile inayooneshwa. Bei ya kununua, bei ya kuuza na nauli ya kupitisha umeme katika nchi ya tatu ni mambo ambayo mwananchi anastahili kuyaona kwa macho yake.

Je, ushirikiano wa namna hii hudumu? Nitawapa mfano wa zamani. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka uliofuata Uganda ilitia saini mkataba wa miaka 50 wa kuiuzia Kenya megawati 30. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Reli ikagawanywa, ndege zikagawanywa, posta ikagawanywa, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Lakini mkataba ule wa umeme haukufa pamoja na Jumuiya. Ulikuwa umeandikwa waziwazi: kiasi gani, kwa muda gani, kwa malipo gani. Urafiki wa viongozi ni jambo jema, ila hupanda na kushuka. Mkataba ulio wazi huvuka hata miaka ya ugomvi.

Mfano wa pili ni Rusumo, katika mto Kagera. Wazo la kufua umeme pale ni la tangu miaka ya 1970, na utekelezaji ulichukua miongo. Hata hivyo kituo kimejengwa, megawati 80, na Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa kwa sawa, kila nchi theluthi moja. Hakuna aliyeambiwa kwamba yeye ni mdogo, apewe kidogo.

Lakini, ndugu zangu, kuungana kuna gharama yake. Gridi zilizounganishwa ni kama watu waliobeba gogo moja mabegani: lazima hatua ziwe sawa. Mashine zote kutoka nchi moja hadi nyingine huzunguka kwa mapigo 50 kwa sekunde, na mmoja akijikwaa wote huyumba. Tarehe 6 Septemba 2024 hitilafu katika njia moja ya kaskazini mwa Kenya ilifuatiwa na kukatika kwa umeme uliokuwa ukitoka Ethiopia, na sehemu kubwa ya Kenya ikaingia gizani. Kwa hiyo ushirikiano wa kweli si ule wa kukata utepe peke yake. Ni ule wa mafundi wa nchi mbalimbali kuzungumza kwa simu usiku wa manane, kila nchi kuwa na akiba ya mitambo iliyo tayari, na vifaa vya kinga kukaguliwa kwa wakati. Kazi hiyo haina picha gazetini, lakini bila hiyo nguzo ni mapambo.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi wa uwanda wa kati kuliko wengine wote. Mwanakijiji wa Manyoni au wa Ikungi anatazama juu, anaona nyaya nene zikipita shambani kwake, na jioni anawasha kibatari. Anauliza: kwa nini nisichote kidogo? Jibu la kitaalamu ni kwamba umeme wa kilovolti 400 hauwezi kuchotwa kama maji ya bomba. Unahitaji kituo cha kupoza umeme, kituo chenye transfoma kubwa na gharama kubwa, uteremshwe kwa hatua hadi kilovolti 33, kisha transfoma ndogo iuteremshe tena hadi volti 230 za nyumbani. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Kama mipango ya njia kuu inajua tangu siku ya kwanza ni vijiji gani itavipita, basi fedha za kuvifikia vijiji hivyo ziwekwe katika mpango huo huo, wala zisingoje mpango mwingine.

Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umefanya kazi kubwa, na ada ya shilingi 27,000 ya kuunganishiwa umeme kijijini imewasaidia wengi. Hata hivyo taa moja sebuleni si maendeleo kamili. Kibaigwa inahitaji mashine za kusaga na kukoboa, Singida inahitaji za kukamua alizeti, wakulima wa zabibu wa Dodoma wanahitaji vyumba vya baridi. Mashine hizo zinataka umeme wa njia tatu usioyumba, na kwa bei ambayo mwenye mashine anaweza kuipigia hesabu.

Ndugu Mwenyekiti, miongoni mwetu wamo madiwani, walimu, wahasibu na maofisa wa serikali. Ombi langu kwao ni moja. Kila mkataba wa umeme unapojadiliwa, kijijini, bungeni au kati ya nchi na nchi, ulizeni maswali yale yale ya mtemi wa Kigogo: nani anapita, anachukua nini, na mwenye njia anabaki na nini? Mtemi yule hakuizuia misafara isipite, kwani alijua faida ya biashara. Alitaka tu mapatano yawepo kabla ya kisima kuchotwa. Serikali zetu zikipatana hivyo, na wananchi wakayajua mapatano, nyaya hizi zitatuunganisha na majirani zetu bila kutuacha gizani chini yake.