Kukuza Vinka kwa Mbegu Kigoma na Ujiji: Tatizo la Kinyausi Kitaluni

(Mada kwa semina ya wakuza miche na watunza bustani)

Utangulizi

Ua la kudumu huishi zaidi ya msimu mmoja. Ua linalostahimili ukame huendelea hata maji yakiadimika. Hayo mnayajua. Vinka, yaani Catharanthus roseus, asili yake Madagaska, ina sifa zote mbili. Mvua zetu zikikatika Mei, yenyewe huendelea kuchanua hadi zirudi. Tahadhari moja: hospitalini dawa za saratani ya damu hutokana na mmea huu, lakini majani yake ni sumu. Yasichemshwe na kunywewa nyumbani.

Kinyausi

Hapa naomba mniruhusu nikawie, maana nimepambana na jambo hili miaka mingi.

Mbegu huota vizuri, watu wakafurahi; wiki inayofuata kitalu kizima kimelala. Ukiinama utaona majani mawili bado mabichi, ila shingo ya mche, pale inapogusa udongo, imesinyaa ikawa nyembamba kama uzi. Huo ndio ugonjwa wa kinyausi: huletwa na vimelea vya ukungu vilivyomo udongoni, navyo hustawi penye majimaji. Mwenye kitalu, akidhani ni kiu, huongeza maji. Kwenye kitalu cha taasisi moja niliona miche inayolala ikimwagiliwa mara tatu kwa siku. Haukubaki hata mmoja, na taarifa ikaandikwa kuwa mbegu zilikuwa mbovu. Hazikuwa mbovu. Zilisiwa kwa kurundikana, kwenye udongo wenye samadi mbichi, katikati ya mvua za Novemba, kwa mazoea ya mahindi.

Sieni vinka Agosti, wakati maji yako mikononi mwetu. Mbegu huhitaji giza: fukia kidogo, funika trei kwa gunia, chungulia kila asubuhi. Huota kati ya wiki moja na mbili. Zikichomoza, gunia liondoke siku hiyo hiyo, la sivyo miche hurefuka ikitafuta mwanga na shingo zake huwa laini.

Kuna pia suala la aina ya maji. Ziwa Tanganyika lina alikali, pH yake inakaribia 9, ilhali vinka hupenda udongo wenye asidi kidogo. Mtu wa Kibirizi, kando ya ziwa, akinilalamikia majani ya njano yenye mishipa ya kijani, humuuliza kwanza anachota wapi.

Mapendekezo

Kwa kadiri bajeti inavyoruhusu, vitalu vya umma vitenge matangi ya maji ya mvua. Udongo wa kusia umwagiwe maji yanayochemka, upoe, ndipo utumike. Mchanga uwe wa mtoni, si wa ufukweni wenye vipande vya makombe. Samadi iive kabisa. Mbegu zisirundikane. Kumwagilia kufanyike asubuhi, si jioni. Usiaji uwe Agosti, narudia, Agosti. Miche ihamishiwe kwenye matuta yaliyoinuliwa, maana hata vinka kubwa huoza mizizi maji yakituama. Na taarifa za vitalu zieleze maji yalimwagwa mara ngapi kabla ya kuilaumu mbegu.

Ndugu zangu, mkirudi vitaluni na kukuta mche umelala, tafadhali wekeni keni chini, mchomeke kidole udongoni. Kikitoka na tope, msimwagilie.