Mita Moja na Ishirini: Maji ya Dar es Salaam na Kazi Isiyo na Mwenyewe



Desturi ya mhadhara wa uprofesa ni msemaji kusimulia safari yake ya kitaaluma, akipita kwa madaha katika kila andiko alilochapisha. Naomba mniwie radhi. Nitasimulia namba moja tu, kisha nieleze kwa nini namba hiyo haijaniacha nilale tangu nikiwa na umri wenu ninyi wanafunzi.

Nilikuwa fildi. Nilitumwa kukusanya takwimu kwenye kituo cha kupimia mto, mbali na hapa, na mto wenyewe sitautaja. Kituo ni neno kubwa. Palikuwa na ubao mweupe uliosimikwa majini, umechorwa sentimita kwa rangi nyeusi, na palikuwa na mzee wa kijiji aliyepewa daftari na kalamu. Kazi yake ilikuwa kuteremka mtoni mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, asome maji yamefika wapi na aandike. Nilifungua daftari lake nikakuta kwamba kwa siku 41 mfululizo mto ulikuwa mita 1.20. Asubuhi 1.20, alasiri 1.20. Katika siku hizo hizo mvua ilikuwa imenyesha hadi daraja la chini likafungwa.

Nikamwamkia, nikamuuliza kwa adabu: mzee, mto huu haupandi?

Akacheka. “Mto unapanda, mwanangu. Mimi ndiye siteremki.”

Posho yake ilikuwa haijafika kwa miezi saba. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Ila nilijua daftari lile litapelekwa ofisini, litaingizwa kwenye kompyuta, na siku moja mhandisi ataketi mbele ya namba zile achore daraja. Atakuwa amehitimu vizuri na hesabu zake zitakuwa safi. Mvua ya kwanza kubwa italiondoa daraja lile, nasi tutasema ni kazi ya Mungu.

Sasa tuje mjini.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, unatambaa Jangwani, kisha unaingia baharini kwenye Daraja la Selander. Kiangazi unaweza kuuvuka na suruali umeikunja mara moja tu. Desemba 2011 mvua ilinyesha kwa wingi usiopata kuonekana jijini tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walikufa, na familia za mabondeni zikapelekwa kuanza upya Mabwepande. Mafuriko yakarudi 2014, na 2018 tena. Ikafika mahali dereva wa daladala akiona wingu upande wa Pugu anajua kwamba Barabara ya Morogoro itafungwa Jangwani kabla hajamaliza mizunguko yake. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa bondeni humo, na mabasi yakasimama majini mpaka kwenye viti.

Kwa nini mto wa kuvuka kwa miguu unameza basi? Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huanza na hesabu hii, na leo nawapa wote. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mamlaka ya Hali ya Hewa huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Chukua bati la nyumba lenye mita za mraba 100: milimita 50 zinakupa lita 5,000, simtanki kubwa iliyojaa kutoka paa moja. Zidisha kwa mapaa yote ya Vingunguti. Ongeza lami, ongeza sakafu za saruji tunazomwaga uani ili gari lisikanyage matope. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilizama ardhini au ikasubiri kwenye majani. Sasa yanateremka yote kwa pamoja, yamebeba mchanga na chupa za plastiki, na yakifika Jangwani ambako ardhi ni tambarare yanautua mzigo. Kila msimu kitanda cha mto kinapanda kidogo. Daraja limebaki pale pale, nafasi iliyo chini yake imepungua.

Na hapa ndipo panaponichanganya mimi mtu wa maji. Mtambo wa Ruvu Chini umejengwa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya kilomita za mraba tano na nusu tu za jiji hili imekwisha kufikisha kiasi hicho. Lakini Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua kiasi kwamba Dar es Salaam iliingia kwenye mgao. Mnakumbuka foleni za madumu, mnakumbuka bei ya boza. Watu wale wale walioogelea wakati wa mafuriko walinunua maji ya kisima chenye chumvi Oktoba. Bwawa la Kidunda, lililozungumzwa kwa miongo na sasa linajengwa, limesanifiwa kushika lita bilioni 190, nami naliunga mkono. Lakini Kidunda ni Morogoro. Maji yanayoangukia mapaa ya Tabata hayatafika Kidunda, yatafika Jangwani.

Wengine watasema tunakosa teknolojia. Hapana, hiyo tunayo, na vijana wa nchi hii walikwisha kuithibitisha. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale na vifaa vya GPS wakauchora mtaa ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa doa la kijivu. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi, pamoja na wakazi wenyewe, walitembea kata kwa kata, simu mkononi, wakipima mitaro: upana wake, kina chake, umejengwa kwa vifaa gani, umeziba wapi, unamwaga wapi. Wakawauliza wazee maji ya mafuriko yalifika wapi ukutani. Yote wakayaweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Mwaka uliofuata, Zanzibar, wanafunzi wa SUZA walifundishwa kurusha droni na kuvipiga picha visiwa kutoka juu. Nimewahi kuwaona vijana wa namna hii kazini. Binti wa miaka 21 anamwambia mwenyekiti wa mtaa, “Baba, mtaro wako huu hauna mwisho, unaishia chini ya nyumba ya mtu,” na mwenyekiti, aliyekaa pale miaka ishirini, anainama kuangalia.

Kazi ile ilikuwa nzuri, na nasema hivyo bila kupepesa macho. Ninachouliza ni kilichofuata.

Mradi huwa na mwisho. Hafla inafanyika, fulana zinagawiwa, kijana anapewa cheti, anarudi nyumbani. Ramani inabaki. Lakini ramani ya mitaro ni kama mtaro wenyewe: usiposafishwa unaziba. Mtu amejenga choo juu ya kalavati, mwingine amepanua duka, mvua imekata njia mpya, na kwenye kompyuta bado ni mwaka ule ule. Ni mita 1.20 nyingine, safari hii ina rangi na inang'aa. Na yule binti aliyeweza kusoma mteremko wa ardhi kwa macho? Wengi wa aina yake niliowafundisha wanauza vifurushi vya simu au wanaendesha bodaboda. Siidharau kazi halali. Ninachosema ni kwamba tumegharamika kufundisha macho, kisha tukayafumba.

Nasikia siku hizi kwamba akili mnemba itatuokoa, kwamba setilaiti inaona kila kitu. Setilaiti ninaitumia kila siku. Makadirio ya mvua ninayoyatumia zaidi yanaigawa nchi katika vyumba vya kilomita tano kwa tano. Ndani ya chumba kimoja cha namna hiyo zinaingia Kigogo, Magomeni na Jangwani zote, na mtaro uliozibwa na godoro hauonekani kutoka angani. Mashine nayo inajifunza kutokana na tulichoandika. Ukiilisha daftari la mzee wangu, itakwambia kwa uhakika mkubwa kwamba mto ule haupandi.

Tena tusidhani hili ni la Dar es Salaam peke yake. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu nchini Kenya, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani kwa sababu njia yao chini ya tuta ilikuwa imezibwa na takataka na magogo. Tuta likapasuka, na makumi ya watu wakafa wakiwa wamelala. Mtu wa kwenda kuangalia njia ile chini ya tuta, akapiga picha, akaipeleka mahali, hakuhitaji shahada. Alihitaji kuwa na kazi hiyo na kulipwa kwa ajili yake.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa taarifa zake kwa ngazi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Ni maneno mazuri ya Kiswahili na utabiri wao umeimarika sana. Lakini tahadhari inasema mvua itanyesha Pwani na Dar es Salaam. Haimwambii mama wa Mkwajuni kwamba maji yatafika mlangoni kwake saa nane usiku. Kujaza pengo hilo kunahitaji mtu wa Pugu aliyeusoma ubao saa tano usiku, akampigia mtu wa Kigogo. Teknolojia yake ni simu ya kitochi.

Sheria hatuna uhaba nazo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na ya Usimamizi wa Maafa ya 2022. Ila mita 60 zinahesabiwa kutoka wapi, ikiwa ukingo wa Msimbazi unahama kila masika na hakuna aliyeandika ulikuwa wapi mwaka jana? Niliwahi kuketi kwenye kikao cha ofisi moja ambako pande mbili zilibishana saa tatu nzima kuhusu nyumba moja, kila upande na ramani yake, na ramani zote mbili zilikuwa za zamani kuliko nyumba.

Mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi sasa unaendelea, wenye daraja refu Jangwani, kupanua mto na kuhamisha karakana ile. Ni hatua kubwa. Hata hivyo daraja jipya litaanza kujaa mchanga siku ile ile litakayozinduliwa, na utepe ukishakatwa kazi ya kuuangalia mchanga huo ndiyo itakuwa inaanza.

Ninapendekeza nini basi? Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia nne kati ya hizo ni za vijana. Vikundi vinakopa kwa ajili ya kuku, pikipiki, viti vya kukodisha. Mkopo unahitaji mteja, na mteja wa mitaro ni halmashauri yenyewe. Iingie mkataba na kikundi cha vijana wa mtaa kwa mwaka mzima: wapime, wasafishe, wahuishe ramani, wasome ubao, walipwe kila mwezi bila kuchelewa. Naomba “bila kuchelewa” ipigwe mstari kwenye chapa ya mhadhara huu.

Wala tusiwasahau walimu ambao hatukuwasomesha. Vijana wanaochimba mchanga ndani ya Msimbazi wanafukuzwa kila wiki, na ni kweli uchimbaji holela unabomoa kingo. Lakini waulize mchanga ulitua wapi baada ya mvua ya juzi, na una kina gani. Watakujibu wakiwa wamesimama juu yake. Mimi na shahada zangu tatu ningehitaji boti na wiki mbili.

Kwa hiyo nimalizie na tangazo badala ya shukrani. Idara yetu imesimika ubao mpya kwenye kijito kimoja kinachoingia Msimbazi. Mwenyekiti wa mtaa amekubali, na fundi amepaka rangi wiki iliyopita. Posho ya mwaka wa kwanza tumeichanga wahadhiri wenyewe, na ipo benki, si kwenye bajeti ya mwakani. Tunahitaji watu wawili wanaoishi ndani ya mwendo wa dakika kumi, wa kusoma saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, na wakati wa mvua hata usiku. Shahada si lazima. Fomu ziko mezani pale mlangoni, na vipimo vya kwanza vitachukuliwa Jumatatu.