KUMWUGUZA MRAIBU
Hotuba kwa wanachama, Kampala



Katika mji huu wa Kampala wapo wagonjwa ambao jamaa zao huwaficha. Ni vijana walioshikwa na heroini, ile ambayo watu wa pwani huiita unga. Mzazi akiulizwa habari za mwanawe husema amesafiri. Na siku ya maziko waombolezaji huambiwa kuwa marehemu alikufa kwa malaria. Aibu imefunga mlango wa nyumba, na nyuma ya mlango huo mtu hufa bila ya kuonwa na mwuguzi.

Jambo la kwanza la kufahamika ni kwamba uraibu ni maradhi. Kusema hivyo si kuhalalisha kilichoharimishwa. Mwili uliozoea heroini, ukiikosa kwa saa chache tu, huumwa mifupa, hutapika, huharisha, na usingizi huutoka. Hali hiyo vijana wa pwani huiita arosto. Mtu aliyefika hapo hatafuti tena starehe, bali anayakimbia maumivu. Kwa hiyo matusi hayamponyi, wala kumfungia chumbani hakumponyi. Tena kufungia kuna hatari yake: aliyekaa wiki kadhaa bila ya heroini, mwili wake umekwisha kusahau kuistahimili, akitoka na kutumia kiasi kile kile cha zamani, pumzi zake zaweza kukatika. Ndivyo wanavyokufa wengi waliotoka kifungoni.

Waislamu wana mfano wa kale katika uuguzi. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijria, Bibi Rufaida alikuwa na hema katika Msikiti wa Mtume mjini Madina, na humo Saad bin Muadh, aliyejeruhiwa, aliuguzwa. Na katika habari zilizopokewa na Bukhari yumo mtu aliyeletwa mara kwa mara kuadhibiwa kwa sababu ya ulevi. Mmoja wa waliohudhuria alipomlaani, Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza asilaaniwe, akamshuhudia kuwa anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu haikufutwa, lakini mtu yule hakutolewa katika jamaa ya Waislamu. Hapo pana funzo kwa kila nyumba yenye mraibu.

Sasa yafaa kutazama kazi ya mwuguzi. Hospitali ya Butabika, iliyoanzishwa mwaka 1955 kwa ajili ya maradhi ya akili, tangu mwaka 2020 ina zahanati inayowatibu waraibu wa heroini kwa methadoni na buprenofini. Methadoni ni dawa ya maji. Mgonjwa huinywa mara moja kwa siku mbele ya mwuguzi, naye mwuguzi humtazama kwanza: je, amelewa? anasinzia? pumzi zake zi sawa? Kipimo huanza kidogo, kisha huongezwa polepole. Mwuguzi huyo huyo huosha majipu na vidonda vya sindano, hupima virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kifua kikuu, na hufundisha kwamba bomba la sindano halitumiwi na watu wawili. Homa ya ini aina ya B ina chanjo. Aina ya C huponyeka siku hizi kwa vidonge vya miezi miwili au mitatu.

Wako wanaouliza: je, methadoni si kuondoa kileo kimoja na kuweka kingine? Jibu lake ni hili. Heroini hupanda haraka na kushuka haraka, na mtumiaji hushinda kutwa kati ya ulevi na mateso. Methadoni, ikipimwa sawasawa, hudumu muda wa saa 24 au zaidi. Humwondolea mtu arosto bila ya kumlevya, hata akaweza kufanya kazi, kulea wanawe na kusimama katika safu ya sala. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2005. Majirani nao wamekwisha kuitumia: Muhimbili, Dar es Salaam, tangu mwaka 2011, Mathari, Nairobi, tangu 2014, na Kidongo Chekundu, Unguja, tangu 2015. Huko Kuala Lumpur, katika nchi ya Malaysia, msikiti wa Ar-Rahman uliwafungulia waraibu mlango mwaka 2010, wakapewa methadoni pamoja na mafundisho ya dini.

Wengine huuliza kama kumpa mtu sindano safi si kumwita kwenye uovu. Lakini huyo alikuwa na sindano kabla ya kumwona mwuguzi. Linaloamuliwa ni kama atapata maradhi na kumpelekea mkewe asiye na habari. Wanavyuoni wamefundisha tangu zamani kwamba madhara mawili yakikutana na hapana budi ya moja, huchaguliwa lililo jepesi.

Yako mambo ambayo jamaa wanaweza kuyafanya bila ya kungoja serikali. Dawa ya kila siku yataka nauli ya kila siku, na wengi huiacha kwa kukosa nauli. Wanachama wakichanga, mgonjwa hatakatiza. Mwezi wa Ramadhani nao una hatari yake: atakaye kufunga asiiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, bali kabla ya mwezi kuandama aende kwa mwuguzi na kwa sheikh, wapatane juu ya saa ya kunywa, au ajue ruhusa aliyopewa mgonjwa. Na kila nyumba ijue dalili za mtu aliyezidisha: haamki akiitwa, pumzi ni chache au anakoroma vibaya, midomo imegeuka rangi. Huyo asimwagiwe maji wala asiachwe peke yake. Apuliziwe pumzi ikiwa hapumui. Akipumua alazwe ubavu. Apelekwe hospitali upesi na isemwe kweli alichotumia. Iko dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi, lakini nguvu zake huisha mapema, naye aweza kuzama tena. Kwa hiyo hospitali ni lazima hata akizinduka.

Mwisho, wako watakaorudi katika unga baada ya kutibiwa, mara moja au mara tano. Daktari hamfukuzi mwenye kisukari aliyekula sukari. Mlango wa toba haukufungwa kwa idadi, na mlango wa nyumba usifungwe pia. Maana aliye hai anaweza kutubu, na aliyekufa amekwisha kukatikiwa na amali.

Wabillahi tawfiq.