Skrubu 47



Sisi wa huku mashariki tunazijua ndege ndogo. Barabara ikikatika, mtu wa Shabunda au Punia hana njia nyingine, na kabla ya kupanda tunaomba. Ni vema. Lakini leo tutazame kazi inayofanyika usiku, kabla maombi yetu hayajaanza.

Tarehe 11 Septemba 1991, ndege ya viti 30 ya kampuni Continental Express ilitoka Laredo, ikawa inashuka ili itue Houston, Marekani. Ndani walikuwa watu 14. Kabla ya kufika uwanjani, ukingo wa mbele wa bawa la mkia, upande wa kushoto, uling’oka. Ndege ikainamisha pua, ikavunjika hewani. Hakuna aliyepona.

Wachunguzi walikuta nini? Usiku uliotangulia, mafundi walikuwa wanabadilisha mipira ya kuzuia barafu mkiani. Zamu ya jioni ilifungua skrubu, yaani misumari ya kuzungusha, za upande wa juu, kuume na kushoto. Saa zao zikaisha. Zamu iliyofuata ikamaliza kuume tu, kwa maana habari ya kushoto haikuwafikia. Skrubu 47 zikabaki nje. Mkia wa ndege ile uko juu sana: aliyesimama chini haoni kitu.

Tena tusikie hili: asubuhi ileile ndege hiyo ilikuwa imekwenda Laredo na kufika. Kufika mara moja si ushuhuda kwamba kazi ni nzuri.

Je, tuwalaumu mafundi peke yao? John Lauber, mmoja wa wajumbe wa tume ya uchunguzi, aliandika kwamba wakubwa wa kampuni nao walihusika, kwa kuwa hawakujenga desturi ya kufuata kanuni.

Ndugu na dada, Luka 16:10 inatufundisha uaminifu katika lililo dogo. Wewe mtunza hazina, wewe muuguzi wa zamu, kazi uliyoiacha nusu umemwambia nani? Usimwache mwenzako akisie. Sema, andika, umwonyeshe kwa kidole. Nawe unayepokea, panda ngazi uangalie. Na sisi viongozi, tusimkemee anayesema “bado haijaisha,” hata kama watu wanangoja.

Tuzidi kuomba kabla ya safari. Tumwombee na fundi wa usiku, kisha tumpe muda wa kumaliza.

Mungu awabariki. Amina.