Bendi Changa na Vyombo Vyake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa muziki, wazee na wapenzi wa dansi, Magomeni, Dar es Salaam)



Tumeitwa hapa tutoe shauri, nasi tumekuja na shauri. Jambo lenyewe mnalijua. Hapa Magomeni pana vijana saba waliounda bendi yao. Wametunga nyimbo zao wenyewe, na watu wa mtaani wamekwisha kuanza kuziimba. Lakini mali yao ni magitaa mawili tu. Gitaa la besi, dramu, spika na amplifaya hukodi kila wanapopiga, na wakimaliza kulipa kodi ya vyombo na gari la kuvichukua, mara nyingine hurudi nyumbani kwa miguu.

Sasa amejitokeza bwana mmoja mwenye fedha. Ameahidi kuwanunulia vyombo kamili. Masharti yake ni matatu: vyombo vitakuwa vyake, jina la bendi litakuwa lake, na yeye ndiye atakayesema nani apige na nani aondoke. Vijana wamegawanyika. Wanne wataka kukubali, watatu wakataa. Ndiyo sababu tumekutana.

Hatumtaji bwana huyo wala hatumtukani. Mtu mwenye mali kutaka faida si ajabu. Ajabu ni sisi kuuza kitu tusichokijua bei yake. Kwa hiyo kwanza tutazame waliotutangulia.

BENDI ZA WANACHAMA

Muziki wa dansi katika mji huu haukuanzishwa na matajiri. Kabla yake palikuwa na ngoma ya beni, na vyama vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilivyoshindana kwa sare, kwa vyeo na kwa matarumbeta. Vilikuwa na viongozi vyake, na wanachama wake walisaidiana katika misiba. Kutoka katika desturi hiyo zikatoka klabu za dansi. Dar es Salaam Jazz Band, inayohesabiwa kuwa bendi ya kwanza ya namna hiyo hapa mjini, ilianza mwaka 1932. Baadaye zikaja Kilwa Jazz, bendi ya Ahmed Kipande, na Western Jazz ya mwaka 1959, iliyoanzishwa na watu waliotoka upande wa magharibi ya nchi.

Hizi zilikuwa klabu. Watu waliotoka sehemu moja, au waliokaa mtaa mmoja, walichanga, wakanunua vyombo, wakachagua viongozi. Aliyechanga aliweza kuuliza fedha zimekwenda wapi.

Nasi watu wa siasa tusisahau deni letu. TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, ilihitaji watu, na hasa akina mama. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Aliposhika kazi ya kuwaita wanawake kuingia katika chama mwaka 1955, aliwaendea kwanza akina mama wa vikundi vya ngoma. Kwa nini huko? Kwa sababu vikundi vile vilikuwa vimekwisha kujitawala. Vilikuwa na viongozi, michango na desturi ya kuitana. Kama vingekuwa mali ya bwana fulani, ingebidi kwanza kumwomba ruhusa huyo bwana.

Na ile nyumba ya New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, African Association iliijenga katika miaka ya 1930 kwa michango na nguvu za wanachama wake. TANU ilipozaliwa ilizaliwa ndani ya nyumba hiyo, wala hakuna aliyeweza kuja asubuhi akasema, tokeni, nyumba ni yangu.

WAKATI WA MASHIRIKA

Sasa tuseme kweli yote, maana anayesema nusu ya kweli hutoa shauri baya. Klabu zile zilipata shida. Vyombo vilichakaa, na katika miaka ya 1970 fedha za kigeni zilipokuwa adimu, kununua vipya kutoka ng'ambo kulikuwa kazi ngumu kwa watu wanaochanga senti zao. Wakati huo mashirika yalikuwa na bendi. Chama cha wafanyakazi kiliunda NUTA Jazz mwaka 1964. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz. Polisi walikuwa na bendi yao, na Umoja wa Vijana wa TANU ukaanzisha Vijana Jazz mwaka 1971. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, na tangu mwaka 1983 ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC.

Wanamuziki wa mashirika walipata mshahara wa mwezi. Mtu aliweza kuugua asifukuzwe katika chumba chake cha kupanga. Na muziki uliotoka humo, Msondo wa NUTA na Sikinde ya Mlimani, hatuhitaji kuwaeleza watu wa Magomeni utamu wake. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila mwenye vyombo ni mbaya. Twasema kwamba mwenye vyombo ndiye mwenye neno la mwisho. Siku ambayo hana fedha, au hana hamu tena, bendi hulala. Mashirika yalipobanwa na mabadiliko ya uchumi tangu mwisho wa miaka ya 1980, bendi nyingi zilikufa ingawa wanamuziki wake walikuwa hai na wenye nguvu.

Msondo hawakufa. NUTA ilipobadilika ikawa JUWATA mwaka 1977, bendi nayo ikabadili jina. Baadaye ikaitwa OTTU. Mwishowe wakasimama wenyewe kwa jina la Msondo Ngoma. Majina ya wenyewe yalipita, mtindo ukabaki, kwa sababu mtindo ulikuwa mali ya wapigaji na wapenzi wao.

Tazameni pia mwaka 1985. Tajiri mmoja mwenye vyombo alivunja bendi aliyokuwa nayo, akaunda nyingine, na akawavuta wanamuziki wakubwa wa Mlimani Park kwa fedha. Hivyo ikapatikana International Orchestra Safari Sound na mtindo wake wa Ndekule. Muziki wake ulikuwa mzuri. Lakini fikirini juu ya wale waliopigia bendi iliyovunjwa. Je, wao walikosa nini? Walikosa vyombo tu, na kwa hilo moja wakakosa kazi.

BENDI YA MTU MMOJA

Yupo kijana atakayesema: basi, vyombo viwe vya kiongozi wetu, maana yeye ni mwenzetu. Hapo napo tuwe waangalifu. Salum Abdallah wa Morogoro alianzisha La Paloma mwaka 1948, ambayo ndiyo iliyokuja kuwa Cuban Marimba. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Bendi haikufa naye. Juma Kilaza akaishika, ikaendelea kupendwa. Mbaraka Mwinshehe, naye wa Morogoro, alitoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Alifariki kwa ajali mwaka 1979, na Super Volcano haikudumu baada yake. Hatupimi ukubwa wa mabwana hawa wawili, wote ni fahari ya nchi. Twasema tu kwamba bendi inayosimama juu ya mtu mmoja yategemea pumzi ya mtu mmoja.

HALI YA LEO

Vijana wa leo wana shida ambazo wazee wao hawakuzijua, na nafuu ambazo wazee hawakuwa nazo. Zamani hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri katika nchi yetu. Redio Tanzania ilirekodi nyimbo nyingi mno, lakini ili wimbo uwe santuri ilibidi uende Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikaziba. Leo kijana hurekodi chumbani. Hapo jirani Mwananyamala, Jagwa Music walichukua kinanda kidogo cha Casio na ngoma, wakapiga mchiriku mpaka wakaalikwa Ulaya. Mburahati, vijana wa singeli wa studio ya Sisso walifanya kazi kwa kompyuta, na mwaka 2017 nyimbo zao zilitolewa Kampala na kusikilizwa duniani. Hawa hawakungoja vyombo kamili. Walianza na kile kilichokuwa mkononi, na kile kikawa mtindo wao.

Lakini bendi ya magitaa haiwezi kupigwa kwa kompyuta peke yake. Inataka watu saba, jasho, na mahali pa kupigia. Wenye baa wataka kopi: nyimbo za zamani na nyimbo za Kongo, maana mlevi hupenda anachokijua. Vijana wanauliza, je, tukatae kopi? Hapana. Pigeni kopi mle. Lakini kila usiku wekeni nyimbo zenu tatu, kisha nne, kisha tano. Hakuna bendi iliyokumbukwa kwa nyimbo za wenziwe. Afro 70 ya Patrick Balisidya ilikuwa na Afrosa yake, na mwaka 1977 ikaiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC huko Lagos. Isingepelekwa huko kwa kopi.

SHAURI LETU

Wazee walisema, nguo ya kuazima haisitiri makalio. Shauri letu kwa wote saba, wanne na watatu, ni hili.

Kwanza, msiuze jina. Jina la bendi na nyimbo zenu zisiingie katika mapatano yoyote ya vyombo. Ziandikisheni nyimbo kwa majina ya watunzi wake. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na chombo chake, COSOTA, kipo. Haki isiyoandikwa huwa hadithi.

Pili, rudini kwa bwana yule kwa adabu, mkamwambie: tukopeshe vyombo, tutakulipa kidogo kidogo kwa muda tutakaopatana, na deni likiisha vyombo ni vyetu. Akikubali, ni rafiki wa muziki, nasi tutamshukuru hadharani. Akikataa, mtakuwa mmejua alichokuwa akinunua.

Tatu, wekeni daftari. Kila kiingilio cha mlangoni kigawanywe mbele ya wote: fungu la wapigaji, fungu la safari, na fungu la vyombo. Fungu la vyombo lisiguswe hata kama kuna arusi ya ndugu. Anunuliwe kwanza spika, kisha besi. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, mkipatana na mwenye baa, andikeni. Kama mlango ni wenu na vinywaji ni vyake, iandikwe hivyo, mpate kuondoka usiku bila ya kugombana.

Tano, na hili ni letu sisi tulioketi hapa. Twawapenda vijana hawa, lakini twapenda pia kuingia bure. Mtu husimama mlangoni akasema, mimi ni mjomba wa mpiga dramu. Mjomba, lipa! Na tusiwafundishe vijana kuimba majina yetu ili tuwatunze. Wimbo unaotaja majina ya wenye fedha huisha siku fedha zinapoisha.

Huenda hata baada ya haya yote vijana wakashindwa. Hatuwezi kuwaahidi lisilo na hakika. Klabu nyingi zilizojitawala zilikufa, tumekwisha kusema. Lakini kijana anayeshindwa na chake mkononi hubaki na gitaa, na nyimbo, na jina lake. Anayefukuzwa katika bendi ya mtu hubaki na nini?

Vijana, amueni wenyewe kwa kura, saba ninyi, na atakayeshindwa akubali neno la wengi. Na leo hii, kabla hatujatawanyika, tunaweka sahani hapa mezani kwa ajili ya spika ya kwanza. Sisi tuliosema maneno mengi tutaanza kuchanga, na katibu ataandika jina na kiasi cha kila mmoja, ili siku moja aweze kuuliza fedha yake imekwenda wapi.