Vijana Waiunde Ndege Yao Wenyewe



Nimeombwa niseme machache juu ya ile ndege ndogo isiyo na rubani mliyoiona asubuhi ikizunguka juu ya kiwanja cha mpira. Nashukuru. Nafahamu kuwa Kamati inakusudia kuinunulia shule ndege ya namna hiyo, iliyokwisha kuundwa, ili ipige picha siku za sherehe. Mimi nasimama kuomba jambo jingine: fedha hizo zinunue vipande, na vijana waiunde wenyewe.

Mimi na mjukuu wangu, ambaye yuko kidato cha tatu hapa hapa, tulianza na mizani ya jikoni. Ndege hii ina mota nne, na yafaa zote pamoja ziweze kunyanyua kama mara mbili ya uzito wake, ama sivyo itapaa lakini haitatawalika. Basi tukafunga mota moja juu ya ubao mzito, rafadha ikisukuma upepo juu, tukaweka mizanini na kutoa uzito wa ubao. Tukapata gramu 620. Mara nne ni 2,480. Vipande vyote, pamoja na betri ya seli tatu, vilikuwa gramu 1,150. Tukajua itatosha kabla hatujakata hata ubao mmoja wa kiunzi.

Mota mbili huzunguka kufuata mwendo wa saa, na mbili kinyume chake. Zingezunguka zote upande mmoja, ndege yenyewe ingezunguka upande wa pili kama pia. Hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton, ambayo wengi wetu tuliikariri bila ya kuiona.

Lakini kazi kubwa ni programu. Ndege ya mota nne haina utulivu wa asili. Isiporekebishwa kila wakati hupinduka mara moja. Ndani yake mna jairoskopu, chipu ndogo kuliko ukucha, na programu yetu huisoma mara 250 kwa sekunde, kisha huamuru kila mota iongeze au ipunguze mwendo. Iamuru kwa kiasi gani? Hapo ndipo palipotuchukua miezi miwili. Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mhandisi Nicolas Minorsky, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, aliieleza mwaka 1922 kwa kuwatazama washika usukani wa meli. Mshika usukani hodari haangalii tu meli imepotoka kiasi gani sasa. Huangalia pia imepotoka kwa muda gani, na inapotoka kwa kasi gani. Mambo matatu, na kila moja lina namba yake katika programu. Namba ya kwanza ikizidi, ndege hutetemeka kama mwenye homa. Ikipungua, hulegea kama mlevi. Tuliifunga kwa kamba katikati ya viti viwili, tukabadili namba moja moja, mpaka ikawa ukiisukuma kwa fimbo inarudi mahali pake na kutulia.

Ndege ya kununua haimfundishi mtu hayo. Ikiharibika itawekwa kabatini, nasi tutachangishwa tena. Na kazi zipo: mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupigwa ramani kwa ndege hizi, na mwaka huo huo Rwanda ikaanza kuzitumia kupeleka damu hospitalini.

Mwalimu Mkuu ameniuliza juu ya hatari. Ni kweli, rafadha hukata kidole. Kwa hiyo mota hujaribiwa kwanza bila rafadha, na zikishafungwa hakuna anayesogea karibu. Betri za lithiamu hazichajiwi bila mtu wa kuzitazama. Hali kadhalika, ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ipatikane kabla ya kurusha.

Nimemkabidhi Mweka Hazina orodha ya vipande vya ndege mbili, mizani ikiwamo. Mimi niko tayari kuja Jumamosi mbili kila mwezi kufundisha, bila malipo. Nauli tu, Mweka Hazina.